Sauti Nisiyoruhusiwa Kuisikia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri mapema. Kinachonipandisha zaidi ni mteja kuniletea kanda yenye sauti ya marehemu baba yake, halafu kuniambia, "Fundi, niwekee MP3, nataka iwe ndogo." Ndogo ya nini? Flashi siku hizi bei yake ni ya chipsi mayai na inabeba kanda mia, lakini mtu anataka baba yake abanwe. Na kubana sauti kwa namna hiyo ni kutupa. Kuna hesabu inapita ndani yake ikiamua kwamba hiki sikio halitakikosa, na hiki pia halitakikosa, inakata, na kikishakatwa hakirudi. Mimi natengeneza WAV. Ukitaka MP3 shuka ngazi, kuna jamaa kumi hapo chini watakufanyia huku wanatafuna miwa.

Jina langu ni Aristides, ila Kariakoo wananiita Mangi, kwa sababu natoka Kibosho na Mchaga yeyote mwenye fremu mjini hapa huitwa hivyo, awe anauza sukari au sauti. Niko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, juu ya maduka ya vitenge, na mke wangu Evelyn ana duka lake hapo chini. Kazi yangu ni kuhamisha sauti za zamani kuziingiza kwenye kompyuta, na kuponya zilizoharibika. Nina chumba cha ndani nilichokifunika kwa magodoro na mablanketi ya mitumba kutoka Mchikichini, kuta zote mpaka dari. Ukiingia humo ukafunga mlango, Kariakoo nzima inanyamaza. Hakuna spika za matangazo, hakuna honi, hakuna wabeba mizigo wanaodai njia. Wenzangu wamejenga nyumba, mimi nina kile chumba, na nakipenda kupita kiasi.

Jumatano moja ya mwezi wa sita alipiga hodi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajifunga ushungi, kamshika mkono bibi mmoja mwembamba aliyezungushia kitambaa shingoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Bibi akafungua mdomo. Midomo ilisema marahaba, lakini kilichotoka kilikuwa pumzi tupu.

"Alipasuliwa goita mwezi uliopita," yule mwanamke akaeleza. "Sauti haijarudi. Daktari anasema huenda ndiyo basi. Mimi naitwa Siti, na huyu ni bibi yangu, Bibi Moza. Tunakaa Ilala, kwetu Masasi."

Wakaketi, na Siti akanieleza shida yao. Bibi Moza ni kungwi. Kwa miaka arobaini amewacheza unyago wasichana wa Masasi, na wa Masasi waliohamia Bongo, wakubwa wanaokaribia kuolewa, na kila somo la ngoma yao lina wimbo wake. Jumamosi ya wiki ileile alikuwa anachezwa mpwa wa Siti, aliyekuwa anaolewa. Ukoo ulikwisha kuamua kwamba Siti ndiye atakayerithi ukungwi, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kwanza kusimama. Nyimbo zenyewe alikuwa hajazishika. Alizijua nusunusu, za kuitikia tu. Ndiyo maana kabla ya bibi kwenda kupasuliwa, Siti aliazima mashine ya kurekodia kwa rafiki yake anayefanya vipindi vya redio, wakajifungia chumbani, na Bibi Moza akaimba zote.

"Nyimbo ngapi?" nikauliza.

"Hilo halikuhusu, kaka yangu." Alisema kwa tabasamu, lakini alimaanisha. Akatoa kadi ndogo kwenye pindo la khanga. "Nilijua ninayo, nikatulia, nikauguza mgonjwa. Jana naifungua, haiimbi. Hao mafundi wa simu hapo chini wanasema haina kitu. Mmoja alitaka kuifuta kabisa aanze upya. Mangi, isipopatikana hii, Jumamosi nitasimama mbele ya wamama wa ukoo mzima nikiwa bubu, na bibi yangu ndiye huyu, hawezi kunifundisha tena. Zitakuwa zimekwisha."

Bibi Moza alikuwa ananitazama usoni. Nikaichukua kadi nikaichomeka.

Kulikuwa na faili moja tu. Nikalibonyeza, kompyuta ikaandika: sekunde sifuri. Lakini nikatazama uzito wake, na hapo moyo wangu ukaruka. Baiti bilioni moja, milioni mia sita sitini na moja na ushee.

"Haina kitu?" Nilipandisha sauti mpaka Siti akashtuka. "Hao watu wa chini wana macho kweli? Huu uzito wote ni wa nini? Hebu niambie, mashine uliizimaje?"

Siti akainamisha kichwa. Akasema walikuwa kwenye wimbo wa mwisho, mlango ukagongwa. Alikuwa ni Twaha, mume wa dada yake, amekuja kuwaambia kwamba mwadhini wa magharibi ameanza kuadhini. Mwanamume mlangoni, na nyimbo za unyago ziko hewani! Siti hakukumbuka kitufe wala nini. Aliichomoa kadi palepale mashine ikiwa bado inarekodi, akaifutika kwenye pindo la khanga, ndipo akasema, "Pita, shemeji."

Nilicheka nikashindwa kujizuia. Bibi Moza naye mabega yakamtikisika.

Nikawaeleza kilichotokea, kwa sababu mteja asiyeelewa ndiye anayekwenda kudanganywa. Sauti ni hewa inayotikisika. Mashine inaipima ile hewa maelfu ya mara kila sekunde, na kila kipimo inakiandika kuwa namba. WAV ni zile namba zenyewe, zimepangwa mstari mmoja kama zilivyokuja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna iliyotupwa. Mbele yake panaachwa nafasi ndogo, baiti arobaini na nne tu, panaitwa kichwa, na ni kama kikaratasi kinachoshonewa mdomoni mwa gunia: ndani mna nini, kimepimwaje, kiasi gani. Mashine nyingi hujaza kikaratasi hicho mwishoni, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Siti hakubonyeza. Kwa hiyo gunia limejaa, kikaratasi kimeandikwa sifuri, na kompyuta ni kiumbe mvivu, inasoma kikaratasi na kuondoka.

"Kwa hiyo zimo?" Siti akauliza.

"Zimo. Na mshukuru hamkurekodi kwa simu. Simu nyingi zinabana, na kilichobanwa bila faharasa yake ya mwisho, ile orodha ya kipi kiko wapi, ni kazi ya kulia machozi. Hii namba ziko wazi. Naandika kichwa kipya, basi."

Nikavaa hedifoni. Kabla sijagusa chochote, mkono wa Siti ukatua juu ya kompyuta.

"Hapana. Wewe mwanamume."

"Dada, mimi ni fundi."

"Fundi mwanamume."

"Basi namwita mke wangu, yuko hapo chini."

"Kachezwa?"

"Evelyn? Ni Mchaga wa Machame. Alipata kipaimara."

Siti akamgeukia bibi yake. Bibi Moza akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima zote, lakini alitikisa. Asiyechezwa hasikii, awe mwanamke, awe nani.

Hasira zikaanza kunipanda, nazijua zinapoanzia, kwenye masikio. "Unamleta mgonjwa kwa daktari, halafu unamkataza daktari asimguse?"

"Wako madaktari hawagusi," Siti akanijibu. "Wale wa hospitali waliomwona bibi goita walitazama picha tu."

 Nikaigeukia skrini, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba mwanamke yule amenizidi akili. Namba za WAV zinaweza kuchorwa. Kila kipimo kinakuwa nukta, nukta zinaungana zinakuwa mstari unaopanda na kushuka, na mtu aliyekaa na sauti miaka kumi na minane anaweza kuona kwenye mstari huo mtu anapovuta pumzi. Nikamwuliza Bibi Moza kama kutazama kunaruhusiwa. Aliusogelea mchoro, akautazama juu na chini, akamnong'oneza mjukuu wake.

"Anasema kama hayo maneno unaweza kuyasoma, hapana," Siti akasema.

"Bibi, naapa siwezi. Naona tu mahali ulipokohoa."

Akakubali.

Kazi ilikuwa ya kubahatisha vitu vitatu ambavyo kichwa kingetuambia. Njia ngapi, kila kipimo kinashika baiti ngapi, na vipimo vingapi kwa sekunde. Viwili vya kwanza macho yanatosha. Ukikosea baiti, mchoro unakuwa tofali moja jeusi, na ukiusikiliza ni mvua ya mawe juu ya bati. Nikajaribu baiti tatu, tofali. Nikajaribu mbili, njia mbili za kushoto na kulia, na tofali likafunguka. Vikatokea vilima, vikundi vikundi, na kati yao nafasi ndogo za pumzi. Niliona mtu anaimba, na watu wawili wanapiga makofi au mtu mmoja anapiga kitu, sijui. Nilifurahi kama mtoto.

Kasi ya vipimo nikaandika elfu arobaini na nne na mia moja, kama ninavyoandika siku zote. Nikahifadhi, nikampa Siti hedifoni, nikageuka ukutani ili nisione hata midomo yake ikiitikia.

Nikasikia anavuta kamasi. Nilipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni yeye. Wallahi ni yeye, yote imo. Mangi, Mungu akuzidishie."

Nikajiona mwanamume. Nikaanza hata kutafuta bahasha ya kuwekea kadi. Lakini Bibi Moza alikuwa amenyoosha mkono anaomba hedifoni. Akazivaa, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Kisha akazivua, akaziweka mezani, akanong'ona kitu, na Siti akabaki amekodoa.

"Anasemaje?"

"Anasema huyo si yeye. Huyo ni marehemu dada yake mkubwa, alikuwa mvivu wa ngoma."

"Bibi," nikasema, na safari hii hasira zilitoka kidogo, "hiyo ni mashine. Mashine haimjui dada yako."

Bibi Moza hakubishana. Alisimama, akashika kiuno, akapiga hatua tatu pale kati ya meza na mlango, taratibu, nzito, za mtu aliyeshiba. Akanionyesha hedifoni. Kisha akapiga hatua zilezile tena, safari hii nyepesi, kisigino kinagusa na kuondoka, akajigusa kifua. Akakaa. Hakunong'ona hata neno, na nilielewa kila kitu.

Niliona aibu. Hii kasi ya vipimo ndicho kitu pekee ambacho mchoro hausemi, kwa sababu vilima ni vilevile hata ukivitembeza haraka au polepole. Mimi sikuikagua. Niliandika nilichozoea, halafu nikaanza kujisifu. Na fikiria lingepita hivyo: Siti angejifunza nyimbo zote kwa mwendo wa kizembe na sauti nzito kidogo, angesimama Jumamosi akawacheza wasichana ngoma ya dada mvivu, na miaka ishirini ijayo hao nao wangewacheza wengine hivyohivyo. Mimi ndiye ningekuwa nimebadilisha ngoma ya Masasi, kwa mazoea tu.

"Siti, kumbuka vizuri. Mlianza saa ngapi?"

"Tuliswali alasiri kwanza. Halafu nikazima simu isije ikalia, ndipo nikawasha mashine. Ilikuwa saa kumi kasoro kumi, niliitazama nilipokuwa naizima."

"Na Twaha aligonga mwadhini akianza magharibi."

"Palepale."

Kalenda ya nyakati za sala ninayo ukutani, nilipewa na jirani yangu muuza mazulia. Magharibi ya siku ile ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Maana yake waliimba saa mbili na dakika ishirini na nne. Nikatazama kompyuta inasemaje juu ya faili nililolitengeneza: saa mbili na dakika thelathini na saba. Dakika kumi na tatu zisizokuwepo duniani! Nikachukua kalamu. Vipimo elfu arobaini na nane kwa sekunde, mara njia mbili, mara baiti mbili, ni baiti laki moja na elfu tisini na mbili kila sekunde. Nikaugawa uzito wa faili kwa hiyo, nikapata saa mbili, dakika ishirini na nne, na sekunde kumi na tano.

Niliwaonyesha karatasi. "Bibi, nisamehe. Wewe sikio lako lilijua kabla ya kalamu yangu."

Akanipungia mkono, mambo madogo. Nikafungua kichwa, nikaandika upya kasi, na namba nyingine moja inayoifuata kasi, basi. Namba za sauti yake sikuzigusa hata moja. Nikampa hedifoni yeye kwanza, nikageuka ukutani kama kawaida, lakini ukuta ule una kabati la vioo na sikuweza kujizuia kutazama kiooni. Bibi Moza alianza na mabega. Halafu midomo ikaanza kwenda pamoja na ile sauti, neno kwa neno, bila kutoa chochote, na uso ukawa wa mwanamke wa miaka ishirini. Nikafumba macho, maana hilo nalo nilihisi si langu.

Tatizo lililobaki lilikuwa mahali. Siti alikuwa na siku mbili na nusu za kujifunza, na nyumbani kwao ni vyumba vya kupanga, ukuta ni wa kadibodi, shemeji upande huu na wapangaji upande ule. Akawa anasema atajifunika blanketi. Hapo nikajisikia nasema kitu ambacho Evelyn mpaka leo haamini nilikisema.

"Njooni kwenye chumba changu."

Alhamisi na Ijumaa walikuja asubuhi, wakaondoka jioni. Jumamosi walikuja tena. Niliwafungulia kompyuta, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido kama mlinzi wa benki. Wateja wakija nawaambia ndani kuna kazi. Jirani wa mazulia akaniuliza kazi gani inafanyika fundi akiwa nje, nikamwambia ndiyo hiyo ya kisasa. Evelyn alipandisha chai, akanicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa na raha ambayo sijui nieleze vipi. Magodoro yangu yalifanya kazi yake. Saa zote zile, sikusikia hata makofi.

Jumamosi, karibu na adhuhuri, mlango ukafunguka. Siti alikuwa ametota jasho, ushungi umelegea, na hakuwa amevaa hedifoni.

"Tayari," akasema. "Futa."

"Nifute nini?"

"Faili. La kwenye kadi na la kwako."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Siti, mimi faili la mteja nakaa nalo siku thelathini, ndiyo kanuni yangu. Na hili? Hili ndiyo sauti yake nzima, haijabanwa, haijakatwa. Huwezi kuipata tena!"

"Najua. Amenisikiliza mara tatu tangu asubuhi, kompyuta imezimwa. Ameridhika. Nyimbo hizi hazikai mahali ambapo mtu anaweza kuzikuta, Mangi. Zinakaa kwa mtu." Akafuta jasho kwa pindo la khanga. "Halafu si nzima. Ule wimbo wa mwisho Twaha aliukatiza, haumo. Bibi amenifundisha humu ndani, kwa kunong'ona na kwa miguu. Mimi ninao, faili halina."

Nikamtazama Bibi Moza. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu ya kulia, lakini alikuwa mtu aliyetua mzigo. Alitikisa kichwa kukubali.

Iliniuma, sitadanganya. Kufuta ni kinyume cha maisha yangu yote. Lakini nilikaa, wakasimama nyuma yangu, mmoja kila upande, nikafuta la kwenye kadi, kisha la kwenye kompyuta, kisha nikaandika sifuri juu ya mahali lilipokuwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili hata mimi nisiweze kulirudisha. Ilichukua kama dakika moja. Bibi Moza aliweka kiganja chake kichwani kwangu, akakiacha pale mpaka ilipomaliza.

Nikawasindikiza hadi chini. Barabarani Siti alikuwa tayari anatembea mbele, midomo inacheza, hamwoni mtu, na kisigino chake kilikuwa kinagusa na kuondoka.